Nguruwe wa Shemeji na Fidia ya Korona

Jumanne, 26 Mei 2020
Ofisi ya kilimo ya kaunti imeanza kupokea maombi ya fidia. Serikali italipa kwa kila nguruwe! Machinjio yamefungwa, wafanyakazi wanaumwa, nguruwe hawana pa kwenda. Mimi ninao wanane tu. Shemeji Merle ana banda zima. Haki iko wapi? Nimejinyoosha kidogo baada ya chakula, nikaamka na wazo.

Jumatano, 27 Mei
Nimempigia Merle. Nikamwambia, kwa huruma tupu, kwamba naweza kumtunzia nguruwe wachache mpaka machinjio yafunguliwe. Sikutaja mkaguzi wa serikali atakayekuja kuhesabu. Mkaguzi akija, akute zizi limejaa, aandike. Sauti ikamtetemeka Merle. Eti hakujua kama nina moyo mwema hivi. Nusura nione aibu. Nusura.

Alhamisi, 28 Mei
Wameletwa kwa trela tatu! Nilitegemea moja. Mke wangu Corliss akauliza watakula nini. Nikasema riziki hutoka kwa Mungu. Akasema mahindi yale aliyapanda yeye.

Jumatatu, 1 Juni
Nimenyoa ndevu, nimevaa shati la kanisani, nimemsubiri mkaguzi. Kimya. Mwishowe nikapiga simu ofisini. Bi Verlene, karani, alicheka. Siku hizi hakuna mkaguzi, mzee, mambo yote ni kwa simu kwa ajili ya ugonjwa. Akauliza nilikuwa na nguruwe wangapi majira ya baridi, maana hao ndio wa kulipiwa, na risiti ziko wapi. Nikakohoa kuvuta muda. Akauliza kama nimepimwa korona. Nikasema wanane.

Jumanne, 2 Juni
Nimemwomba Merle aje achukue nguruwe wake. Hawezi! Banda ameshaliosha na kulipaka chokaa. Tena Jumapili, kwenye ibada ya kompyuta, alinishukuru mbele ya usharika mzima. "Tenda wema nenda zako, shemeji," akaniambia. Niende wapi? Wamejaa mpaka mlangoni.

Alhamisi, 4 Juni
Wamevunja uzio. Wamefukua vitunguu vya Corliss, na maua aliyoachiwa na marehemu mama yake. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye ngazi akautazama ule udongo. Afadhali angepiga kelele. Nikamweleza yote, mkaguzi na kila kitu. Akasema tu, "Arvid, mwenye njaa hapa si nguruwe."

Jumamosi, 6 Juni
Corliss aliwapigia simu kina mama wa kanisa. Leo watu wamemiminika na magari yao, barakoa usoni, wengine kutoka mjini ambako madukani nyama ni ya kugombania. Kila mmoja kaondoka na nguruwe wake. Pesa kapokea Merle. Alikuja dereva aliyeachishwa kazi, ana watoto, mfukoni hana kitu. Corliss akampa mmoja wa kwetu. Nikafungua mdomo. Corliss akanitazama. Nikaufunga, nikasaidia kupakia.

Jumatano, 17 Juni
Fidia imeingia. Ya halali, ya wanane. Corliss amenunua miche ya maua, anaimba jikoni kama zamani. Nimeapa kutosheka na changu.

Alasiri. Redioni wanasema huenda wafugaji wa samaki nao wakafikiriwa. Bwawa sina. Ila nyuma ya banda udongo ni laini, na Corliss amekwenda kwa dada yake. Nimeshachimba mpaka magotini. Akiuliza, nitasema ni la bata.

Bata pia sina. Merle anao.