Ubao Wangu na Mtaro wa Mashimoni

Alhamisi, 3 Aprili

Nimerudi kutoka Gatina na kichwa kinaniuma. Nilienda kumwona Shivachi. Zamani tulikuwa mabawabu pamoja kule Kawangware, lango moja, kibanda kimoja. Sasa amekuwa mwenyekiti wa kikundi. Na ana kibao! Kimepigwa misumari juu ya tangi la kunawia mikono lililoletwa na klabu fulani ya kujitolea. Tangi halina tone la maji tangu mwaka juzi, hata bomba lake limeibwa. Lakini jina la Shivachi linang'aa pale kwa herufi za dhahabu, na wapangaji wa ghorofa zote wanalisoma wakipita. Alinipitisha mbele yake mara tatu.

Mimi pia ni mwenyekiti! Kikundi cha Mashimoni Amkeni, wanachama kumi na wanne, wanaohudhuria wawili. Jina langu limeandikwa wapi? Kwenye kadi ya kliniki, basi.

Lakini ngoja. Klabu ya Mkono kwa Mkono imeniandikia. Ni vijana wa ofisini wa hapa Nairobi wakishirikiana na wazee wa klabu mwenza huko ng'ambo. Wanakuja Jumanne kuchagua mradi mmoja: mtaro wetu au vyoo vya Shivachi. Niliwatumia picha za mwaka jana, mtaro ulipoziba na maji machafu yakafika milangoni. Audrey, msimamizi wao, anasema wazee walipoziona walilia. Walilia!

Ijumaa, 4 Aprili

Nimemwagiza Billy, mchoraji wa mabango, anitengenezee ubao mapema. Mtu hujiandaa. "MTARO HUU UMEJENGWA CHINI YA UONGOZI WA MWENYEKITI WYCLIFFE WANZALA." Nikamwambia jina liwe kubwa kuliko mtaro. Billy akasema, "Mwenyekiti, hii mbao inatoshana na kitanda." Nikamwambia apake rangi anyamaze.

Saa sita nilienda kwa Mzee Oketch, jirani, kama kawaida. Alipooza miaka miwili iliyopita, upande wa kulia wote, na ulimi pia. Mkewe Amolo hufua nguo za watu huko Ayany, na akitoka hufunga mlango kwa kufuli. Wezi waliwahi kubeba sufuria motoni Mzee akiwatazama tu. Kwa hiyo ufunguo huniachia mimi. Namnywesha uji, namgeuza ubavu. Leo nimemsomea hotuba yangu ya Jumanne, kurasa nne. Hakunikatiza hata mara moja. Msikilizaji mzuri sana.

Jumamosi, 5 Aprili

Msiba! Wameuzibua mtaro!

Nilisikia majembe asubuhi nikadhani ni ndoto mbaya. Amolo alikuwa amewaomba majirani, eti mvua i karibu na nyumba yake ndiyo iliyo chini kuliko zote. Watu ishirini wakatoka. Hawa hawa ambao nikiitisha mkutano wana homa! Kufikia saa saba maji yanapita, safi, yanaimba. Wakanipa sepeto na mimi. Ningefanyaje? Nikachimba, machozi yakinilengalenga, nao wakasema mwenyekiti ameguswa.

Wageni watakuja kuona nini Jumanne? Mto?

Jumapili, 6 Aprili

Nilimwambia mke wangu Nasambu tumbo linanisokota. Akaenda kanisani na wapangaji wote wa plot yetu. Nikachukua magunia yake matatu matupu ya viazi, nikayajaza takataka, nikayasukuma chini ya daraja dogo la zege, pale mtaro unapopita mlangoni kwa Mzee Oketch. Kwaya ilisikika mpaka kwetu. Dakika ishirini tu. Hakuna aliyeniona.

Isipokuwa Mzee. Mlango wao nilikuwa nimeufungua mwenyewe apate hewa. Alinitazama toka la kwanza hadi la tatu. Nikampungia mkono.

Jumatatu, 7 Aprili

Maji yamepanda hadi kizingiti cha Amolo. Kila mtu anashangaa. Vijana walitaka kuingia na majembe, nikawazuia. Niliwaambia kesho wageni watatujengea kwa simiti, mtaro wa maisha, lakini lazima wauone ulivyo. Wavumilie siku moja. Nilizungumza vizuri sana. Wakavumilia.

Saa sita Mzee alikataa uji. Akainua mkono wa kushoto akauelekeza mtaroni, kisha kwangu, mtaroni, kwangu. Aliendelea hivyo hata Amolo aliporudi. Amolo akaniuliza mzee anataka nini. Nikasema anafurahia mradi. Akacheka, akampangusa mate, akasema zamani mzee wake alipenda sana mambo ya maendeleo. Sikupenda vile Mzee alivyonitazama.

Jumanne, 8 Aprili

Amolo, ambaye huniita kwa jina la mwanangu, alipita saa kumi na mbili asubuhi. "Baba Valentine, kaa na hii funguo. Mvua ikikuja, mwinue kidogo." Nikasema sawa, bila shaka.

Mvua ilianza saa tatu. Saa nne Audrey akapiga simu: barabara ya kuingia kwetu ni mbaya, wataanzia Gatina, na muda ukibaki ndipo watakuja. Wataanzia kwa Shivachi! Niliona kibao cha pili kikipigwa misumari. Nikaruka juu ya boda boda.

Niliwakuta wamevaa vizibao vya reflekta, wazee wanane wekundu kama nyanya, Shivachi anawamiminia soda. Nikasimama katikati yao nikaanza hotuba. Simu ikatetemeka mfukoni. Nikaizima sauti. Ukurasa wa pili, ikatetemeka tena. Ilikuwa inagongagonga kitu cha chuma kwenye mfuko ule ule. Nikamaliza kurasa zote nne. Walinipigia makofi, naapa.

Kisha nikatoa simu. Nasambu, mara kumi na moja. Na ujumbe: "Uko na funguo ya kwa Oketch."

Jumatano, 9 Aprili

Jana majirani walivunja mabati ya nyumba ya Oketch kwa jembe. Maji yalikuwa ya magoti. Ya magoti tu! Lakini kitanda cha Mzee Oketch ni godoro juu ya matofali mawili.

Hawakuwa na kitu cha kumbebea. Wakauchukua ubao wangu, uliokuwa umeegemezwa ukutani kwangu ukauke. Ulimtosha. Nilipofika walikuwa wanampandisha barabarani, watu sita, na kichwa chake kimelala juu ya jina langu. Matope yalikuwa yamefunika "MWENYEKITI" yote.

Amolo alikuja mbio kutoka Ayany, povu la sabuni bado mikononi. Nikampa ufunguo. Aliutazama kwa muda mrefu. Kisha akanishika mkono, akasema asijilaumu mtu, Baba Valentine alikuwa ameenda kututafutia msaada.

Nililia. Nililia kwa kweli, mpaka nikakaa chini kwenye tope.

Kila mtu anasema ni mvua. Mimi pia nasema ni mvua.

Jumatatu, 21 Aprili

Tumerudi kutoka kwao Mzee, kule ziwani, tulikomzika. Nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya mazishi, nani mwingine? Nilisoma hotuba, kurasa sita. Amolo alinishukuru mbele ya ukoo wake wote. Kwenye picha nimetokea vizuri.

Lakini nyumbani vijana walikuwa wamezibua mtaro na kuyatoa magunia matatu. Wanauliza nani mshenzi aliyeyatia mle. Nikasema huenda ni watu wa Gatina. Nasambu aliyatazama. Akayachukua, akayafua, akayaanika kwenye kamba mlangoni petu. Hajasema nami tangu saa hiyo, ila kuniita chakula.

Jumapili, 27 Aprili

Shivachi amepata kibao cha pili! Cha vyoo! Alinitumia picha asubuhi na mapema.

Haidhuru. Klabu nyingine imeniandikia, kubwa kuliko ile. Nimewatumia picha za mafuriko na ile ya Mzee akiwa juu ya ubao, na wameguswa mno. Wanakuja Jumanne. Billy ameuosha ubao na anaandika upya: "KUMBUKUMBU YA MZEE OKETCH", kwa herufi ndogo za heshima, kisha jina langu. Nadhani Mzee angefurahi.

Shida ni ile ile. Mtaro unapita vizuri mno, tangu vijana wauzibue. Mtu akiuona hawezi kulia hata kidogo.

Binti ya Amolo, Celine, amekuja kukaa naye na mtoto wake mchanga. Wanalala kwenye kitanda kile kile. Ufunguo wameniachia mimi, wameenda kanisani.

Magunia yamekauka. Nimeyaanua, nikayakunja vizuri nyuma ya mlango. Nasambu alisimama akiwa amefunga kitambaa chake cheupe, Biblia mkononi, akaniuliza kama naja. Ni mara ya kwanza kunisemesha wiki hii. Nikamwambia tumbo linanisokota.

Akayatazama magunia. Akanitazama mimi. Akafungua kitambaa, akavuta magunia yote matatu, akayaweka sakafuni na kuketi juu yake. Anasema leo na yeye tumbo linamsokota.

Sielewi huyu mwanamke ana shida gani. Kwaya imeshaanza. Saa tano sasa, na bado ameketi. Lakini ana chai tumboni, vikombe viwili, nimevihesabu. Lazima atainuka tu kwenda chooni.