Kengele ya Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi
Nimekasirika mpaka kalamu inachana karatasi. Shemeji, kaka wa mke wangu, fundi umeme mwenye cheti (moyoni namwita Bwana Cheti), amekalia kiti changu, amekunywa chai yangu, kisha akatangaza kwamba Jumapili anamchukua mama yake akakae kwake. Kisa? Jana Mama aliomba maji nusu saa nzima asisikike. Ni kweli, sauti imefifia tangu augue, na chumba chake kiko mwisho wa ukumbi. Lakini kumchukua! Ndiye mtu pekee nyumba hii anayesikiliza hadithi zangu mpaka mwisho. Nikasema nitamtengenezea kengele kwa mikono yangu. Bwana Cheti akacheka hadi chai ikampalia. Haikumpalia vya kutosha.

Jumanne, 5 Machi
Muuza vipuri ni mjuaji wa kupindukia. Nimeomba betri, king'ora kidogo, waya, risasi ya kulehemu na chuma cha kuiyeyushia. Akauliza kama nimewahi kulehemu. Mimi, niliyezunguka bandari nne na kulala hoteli yenye lifti! Akaanza kunieleza aina za swichi. Nikamkata kauli. Swichi sinunui. Nimefungua ile ya mlango wa friji yetu: nyeupe, imara, saizi ya dole gumba la Mama. Mke wangu analalamika friji ina giza. Nimemuuliza huwa anasoma nini humo.

Jumatano, 6 Machi
Chuma cha kulehemu kina pande mbili. Nimeshajua upande wa kutoshika. Risasi imetoboa kitambaa cha meza na suruali yangu nzuri. Saa tatu nimelehemu, king'ora kimya kama kimehongwa. Nimekitukana king'ora, kiwanda chake, na ukoo wa muuza vipuri. Mke wangu akapita na beseni la nguo, akaigeuza betri upande wa pili, akaenda zake. Kikalia. Nilikuwa karibu kuigeuza mwenyewe.
Kikalia, kikaendelea kulia.

Alhamisi, 7 Machi
Kengele ina wazimu. Ukibonyeza, inanyamaza. Ukiachia, inapiga kelele. Nimefungua na kufunga nyaya mara sita. Bwana Cheti akaja bila kualikwa, akatazama mara moja tu, akalala chini kwa kicheko. Eti swichi ya friji inawasha ikiachiwa, ndiyo maana taa ya friji huwaka mlango ukifunguliwa. Hata mtoto anajua, eti. Nikamjibu kwa ukali kwamba ndivyo nilivyokusudia. Sasa nimeshasema. Siwezi kuibadilisha hata nikielekezewa bunduki.

Ijumaa, 8 Machi
Nimemwelekeza Mama: bonyeza kutwa, ukitaka kitu achia. Hana neno yule mama, kabonyeza tangu asubuhi huku nikimsimulia habari za lifti. Adhuhuri kasinzia. Kidole kikalegea. Mke wangu kaja mbio na mwiko, jirani, akidhani ni moto, kaja na ndoo ya maji, na maji kanimwagia mimi. Mke wangu anasema nichague, kengele au yeye.
Nimeiweka swichi chini ya mto wa kiti cha Mama. Uzito wake unaibana. Akitaka kitu anajinyanyua kidogo, inalia. Akilala kitandani tunatoa betri na mlango wake unabaki wazi. Nimemwambia mke wangu hiyo ilikuwa hatua ya pili tangu mwanzo. Kanigeuzia mgongo. Ana dharau.

Jumapili, 10 Machi
Bwana Cheti kaja na gari, na kengele ya dukani kwenye boksi linalong'aa. Kaufunga mzigo wa Mama kwa mikono yake. Mimi nimesimama mlangoni, tusi hata moja sina. Akamshika Mama kwapani, akamnyanyua kutoka kitini.
Mtaa mzima ulitoka. Jirani wa ndoo akauliza nani anaibiwa. Bwana Cheti kaduwaa katikati ya chumba, mama yake mikononi, hana mkono wa tatu wa kuizima kengele.
Mama akasema, "Nirudishe nikae. Huyu mkwe wangu akili yake ni fupi, lakini nikijinyanyua tu kafika. Wewe nikikupigia simu unaniambia uko kikaoni."
Kakalishwa. Kimya. Bwana Cheti kaondoka na boksi lake. Ile ya akili fupi ni ugonjwa, bado haujamtoka vizuri.

Jumatatu, 11 Machi
Nimekasirika upya. Fundi cherehani wa nyumba ya pili kasikia sifa zangu, kaniletea mota niifunge kwenye cherehani yake asichoke kukanyaga. Halafu, bila aibu, akauliza kama Bwana Cheti anaweza kupita kuikagua kwanza. Kukagua nini? Nimemwambia arudi kesho kuvaa mashati yaliyojishona yenyewe. Mota ilikuja na karatasi ya maelekezo, kurasa nane. Zote nimewashia jiko.