Dirisha Lililozibwa la Nyumba ya Kasisi

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri ya Kijiji cha Nether Wickling. Mchungaji Prudence, uliyepangiwa kijumba karibu na kituo cha basi baada ya Kanisa kuiuza nyumba hii. Kiongozi wa Wapiga Kengele. Mama Mlezi wa Mashindano ya Jamu. Na wewe Bibi Hester Pomfret, mwenye nyumba, uliyetufungulia sebule yako mvua ilipoifukuza sherehe bustanini: itifaki imezingatiwa. (Makofi. Mtu anakohoa.)

Mimi, Ambrose Tillotson, niliyeiongoza Kamati ya Kulinda Majengo ya Kale kwa miaka thelathini na mmoja, na ambaye daktari amenipa muda wa kuyaona matufaha yakiiva lakini si wa kuyala, nasimama, yaani nakaa (kicheko), kutamka kwamba kupitia Mradi Mkakati wa Upembuzi Yakinifu wa Nyumba ya Kasisi tumehifadhi asilimia tisini na saba ya matofali mekundu ya mbele, mbao nyeusi za nyuma zinazoyazidi umri matofali hayo, ngazi mbili, pana ya familia na nyembamba ya watumishi, pamoja na mlango wa ubavuni ambao waumini waliutumia kuja kumlilia kasisi bila kukanyaga zulia lake. (Makofi.)

Ni kwa mujibu wa mradi huo kwamba Bibi Hester alipoomba kulifungua dirisha la chumba cha mashariki, lililozibwa kwa matofali tangu enzi za kodi ya madirisha, watu walipoyaziba ili wasilipe, nilimkatalia mara tatu, nikiandika kuwa wataalamu wamebaini matofali yale ndiyo yanayobeba paa. ("Miaka sita, Ambrose! Kaka yangu amelala humo miaka sita anatazama ukuta!")

Naam, Bibi. Leo, nikisukumwa katika kiti hiki cha magurudumu, nimeingia chumbani kwa kaka yako Wilfred kwa mara ya kwanza. Nikamwuliza anaona nini. Akanijibu, "Matofali yako, mzee. Mia mbili na kumi na manne." Juu yake nikaona boriti ya mwaloni, nene kama kiuno changu cha zamani. Hiyo ndiyo inayobeba paa. Matofali hayabebi hata utando wa buibui.

("Sasa wataalamu wako hawakuiona?") Bibi, mimi niliishia getini. Hukunialika chai, na mtu mwenye adabu hapa kwetu hagongi mlango kabla ya kualikwa. ("Nami niliogopa kukusumbua! Kila Jumanne nilikuwa na keki mezani!")

Basi, kwa mamlaka niliyobakiwa nayo, ombi limekubaliwa. Fundi aje kesho. Urithi wetu udumu! ("Udumu!") Nuru idumu! ("Idumu!") Adabu zetu... ("Zipungue!")

Namalizia kwa kuwashukuru wataalamu wa mradi, ambao hawakuwahi kuajiriwa. Na mradi wenyewe, ambao haukuwahi kuwapo popote isipokuwa juu ya karatasi za barua zangu. Na wewe Wilfred, unayenisikia kupitia mlango ulio wazi, nakuomba msamaha nikiwa bado na pumzi.

(Sauti kutoka chumba cha mashariki: "Kwanza niuone mti wangu wa peasi hapo nje ya dirisha, mzee. Halafu uje, tuongee.")