Ukiingia, Umeingia

Jumatatu, 3 Machi
Meneja kapandisha mori. Anasema kila akienda kunywa chai, akirudi anakuta programu ya wafanyakazi imeshamtoa nje, inamdai nywila upya. Na nafasi ya mkuu wa kitengo cha kompyuta iko wazi! Tupo wawili tu: mimi, na Chujio, jamaa anayechuja kila kitu mpaka kazi inakauka. Basi nikafuta muda wa kutolewa. Sasa ukiingia, umeingia. Hutoki mpaka ubonyeze "Toka" mwenyewe. Ufundi huo, jamani!

Jumanne, 4 Machi
Chujio kaniuliza, kwa ule upole wake wa kukera, je, na kompyuta ya mapokezi inayotumiwa na kiwanda kizima, itakuwaje? Nikamjibu watu wazima wanajua kubonyeza kitufe. Wivu tu unamsumbua. Mchana nikamwonyesha Meneja maajabu yangu pale pale mapokezi, nikaingia kwa jina langu. Kafurahi mno, kaniita mwanangu. Tukaondoka tunacheka. Nyumbani nikamwambia mke wangu aanze kuniita Mkuu. Kanituma sabuni dukani.

Jumatano, 5 Machi
Watu wa stoo wananipa hongera, wananitazama tumbo. Kumbe jana dada wa mapokezi, mjamzito, kaomba likizo ya uzazi kwenye ile kompyuta, nami nilikuwa bado nimo ndani. Ombi limekwenda kwa jina langu! Dereva naye kamshtaki Meneja kwa uchoyo. Jina langu tena! Nani alisahau kutoka? Sitaki kuzungumzia hilo.

Nikabadilisha nywila fasta. Watakoma! Wapi. Nywila inaulizwa mlangoni tu. Aliyekwisha kuingia haimhusu. Mchana mpishi kaagiza masufuria, kwa jina langu.

Alhamisi, 6 Machi
Niende mapokezi kubonyeza kile kitufe, Chujio akiniangalia? Thubutu! Nikaona bora niwatoe watu wote kimya kimya, kiwanda kizima, kwa mpigo mmoja kutoka kwenye seva. Safi kabisa. Mara ukelele ofisini kwa Meneja. Alikuwa anaandika ripoti ya mwaka tangu asubuhi, humo humo ndani ya programu, na hajahifadhi hata neno. Yote imekwenda na maji. Leo hakuniita mwanangu.

Ijumaa, 7 Machi
Chujio ndiye mkuu. Katoa hotuba fupi, ya unyenyekevu, ya kutapisha. Nimeumia, sifichi, nimelia chooni, bomba nimelifungulia lisikike lenyewe. Meneja kasema likizo yangu ya uzazi imekataliwa, ila nikitaka kupumzika moja kwa moja, yeye hana kinyongo.

Jumatatu, 10 Machi
Hawanistahili! Nimeomba ukuu wa kompyuta kwenye kampuni nyingine, kwa kutumia kompyuta ya duka la kutoa kopi. Nilipomaliza, mama mmoja nyuma yangu alikuwa ananihimiza, naye pia anaomba kazi huko huko. Nikamwachia kiti hivyo hivyo. Nani ana muda wa kubonyeza "Toka"?

Jioni jibu limekuja. Wanashukuru kwamba nimebadili mawazo na sasa naomba kazi ya ushonaji. Picha yangu mpya, wanasema, imependeza, hasa kilemba.

Programu yao mbovu kweli! Wanahitaji mtu kama mimi. Kesho nakwenda kuwaambia.