Nafasi Sita za Chini

Jumamosi, 3 Mei

Baba kaleta raki. Ni fremu ya chuma inayonizidi urefu, ina matundu kila upande, ya kufungia mitambo mmoja juu ya mwingine. Imetupwa kule kituo cha simu alikostaafu mwezi uliopita. Alifanya kazi huko miaka ishirini na sita. Sijui alikuwa akifanya nini hasa. Kupokea simu, nadhani.

Anataka apange humo amplifaya yake, deki ya kaseti na ile ya santuri. Sebuleni. Mama kasema sebuleni kwake hakuingii mnara.

Raki imekuja na kitabu cha maelekezo, kwa lugha tunayosomea shuleni. Sijawahi kumsikia Baba akiitamka. Kanipa kitabu, kasema mimi ndiye msomi, nimsomee. Baba na mimi huongea maneno manne kwa siku. Mawili kati ya hayo ni shikamoo na marahaba.

Halafu wazo likanijia. Stoo!

Lazima nieleze. Nalala chumba kimoja na Mjomba, kaka yake Mama, aliyekuja kwa siku tatu. Huu ni mwezi wa tisa. Mjomba anakoroma. Anaanza, ananyamaza, unahesabu, unadhani kafa, kisha anarudi na nguvu mpya. Sijawahi kumwambia. Sijawahi kumwambia mtu yeyote chochote. Ndiyo maana nina shajara.

Ukurasa wa kwanza unasema mitambo ikae mahali pakavu penye hewa. Huo ni ukweli. Nikaongeza: chumba kidogo, kisicho na sofa, karibu na jiko. Baba kafikiri. Kasema kumbe wameieleza stoo yetu. Nikasema ndiyo, wataalamu hao.

Jumapili, 4 Mei

Stoo iko tupu. Magunia, makopo ya rangi na baiskeli mbovu vimehamia chumbani kwetu, upande wangu. Haidhuru, sitakuwepo.

Nimemsomea Baba ukurasa wa pili: msimamizi wa mitambo asilale zaidi ya mita mbili kutoka ilipo. Kauliza msimamizi ni nani. Nikasema hawakumtaja jina, ila inaelekea ni yule anayekisoma kitabu. Baba kakohoa kwa muda mrefu. Vumbi la stoo.

Nimebeba godoro mwenyewe. Haliingii! Raki imekula nusu ya stoo. Sikupima. Nimepima sasa: nikilala, miguu inakosa pa kwenda kuanzia magotini.

Suluhisho: miguu iingie ndani ya raki. Nafasi moja ya raki ni matundu matatu. Nafasi sita za chini zikiachwa wazi, natosha.

Tatizo: ukurasa wa tatu unasema kifaa kizito kikae chini kabisa. Kizito ni amplifaya, kilo ishirini na mbili. Nimemsomea Baba: kizito kikae juu kabisa. Kauliza, juu? Nikasema juu. Kauliza, una hakika, mwanangu? Nikasema wameandika kwa herufi kubwa. Hilo la herufi ni kweli.

Jumatatu, 5 Mei

Nimefunga rafu tatu baada ya shule. Mitambo ya nyumbani haina masikio ya kupitishia skrubu, kwa hiyo lazima ikalie rafu. Baba alisimama mlangoni, mikono nyuma. Kauliza kwa upole kama kushoto na kulia nimeanzia tundu lilelile. Nikamwambia kitabu kinaruhusu.

Rafu ya santuri imeinama kama mtu anayesikiliza mlangoni. Sindano inateleza. Mwimbaji anafika kiitikio kabla hajamaliza ubeti. Wimbo unakuwa mfupi, ni faida.

Mjomba kanisaidia kupandisha amplifaya. Nimeifunga kwenye rafu kwa kamba ya nguo, imara kabisa. Mjomba kauliza mbona namkimbia. Nikasema si mimi, ni kitabu.

Jumanne, 6 Mei

Usingizi wa kwanza wa maana baada ya miezi tisa! Raki hunesa kidogo nikijigeuza. Si kitu.

Nimerudi shule nikakuta vumbi jeupe la ukuta kwenye shuka, upande wa miguu. Mdogo wangu wa kike, tunayemwita Tangazo kwa sababu hana siri, hutoka shule mapema. Anasema mchana alisikia drili stoo. Tangazo husikia mengi. Nyumba inazeeka, basi.

Baba kauliza kitabu kimefika wapi. Nikamsomea kurasa mbili nzima za kutunga: kuhusu unyevu, kuhusu panya, kuhusu tabia njema za nyaya. Alisikiliza mpaka chai yake ikapoa.

Alhamisi, 8 Mei

Hatari. Tangazo naye kaanza kufundishwa lugha ile. Kashika kitabu, kafungua ukurasa wa tatu, kaniuliza neno moja. Ni lile la uzito. Nikamwambia maana yake ni “nyepesi”. Kaliandika kwenye daftari. Kanishukuru, kaniita dokta. Nilijisikia vibaya kama dakika tano hivi.

Ijumaa, 9 Mei

Tangazo kapata tisa juu ya kumi. La kumi ni langu.

Kaja mezani, watu wote wapo, karatasi mkononi na kitabu cha maelekezo kwapani. Katangaza kwamba mwalimu kasema neno lile ni “nzito”, na kama ni nzito, basi ukurasa wa tatu... Sikungoja. Nilikimbilia stoo niishushe amplifaya kabla hawajafika. Kamba ilikataa kufunguka. Nikaivuta amplifaya kwa nguvu zote.

Raki ikaja nayo!

Ikainama juu yangu, ikasimama shibiri moja kutoka kwenye pua. Nikafumbua jicho moja. Kule juu nyuma kuna mnyororo, umeshikwa ukutani kwa boliti mbili. Mnyororo huo sikuuweka mimi.

Baba akaingia, akairudisha kwa bega, taratibu, kama mtu anayefunga mlango. Kisha akasema ukurasa wa tatu wote bila kuangalia popote. Kwa lugha ya kitabu! Matamshi yake yanampita mwalimu wangu. Kumbe miaka ishirini na sita alikuwa akifunga raki. Mamia. Simu hakupokea hata moja.

Nikauliza mbona aliniacha nisome. Kasema wiki hii nimemsemesha kuliko mwaka mzima, akawa anaogopa kitabu kitaisha.

Nikasema rafu ya santuri imepinda. Kasema ameiona.

Jumamosi, 10 Mei

Tumefunga upya, sisi wawili. Amplifaya imekaa chini, mahali pa miguu yangu. Godoro limerudi kwa Mjomba, katikati ya magunia. Nimemwomba Tangazo msamaha. Habari imeshafika kwa jirani. Naapa sitatunga tena maneno ya kitabu. Nimeandika hapa uwe ushahidi.

Jumapili, 11 Mei

Mama kaletewa cherehani ya umeme. Ina kitabu, lugha ileile. Baba kakishika juu chini, kakikodolea, kasema macho yake siku hizi hayamtii. Kamtuma Tangazo dukani. Kisha kanipa kitabu: hebu nisomee, mwanangu.

Nikafungua. Ukurasa wa kwanza uko wazi kabisa: cherehani hii isitumike katika nyumba yenye mtu anayekoroma. Mitetemo itagongana.

Baba kaegemea kiti, kafumba macho. Kauliza ukurasa wa pili unasemaje.

Wa pili unamweleza Mjomba kwa undani zaidi.