Tofali Lenye Kiganja

Jumatatu, 3 Machi

Mama mkwe anakuja Jumapili. Nimekata shauri: TV inapanda ukutani! Haikai tena juu ya meza kama mgeni asiyejua aondoke lini.

Sababu ninayo. Mwezi uliopita shemeji, kaka wa mke wangu, alitundika ya kwake. Mama mkwe akaisifu mpaka chai ikapoa. Akasema mwanawe amerithi mikono ya marehemu baba yake. Nilikuwa nimekaa hapohapo. Hakuna aliyesema lolote kuhusu mikono yangu. Na shemeji anauza mapazia! Ila tangu siku hiyo anajiita Mhandisi.

Tatizo ni ukuta wenyewe. Sebuleni tuna ukuta mmoja wa matofali mekundu, haukupigwa lipu. Aliujenga baba mkwe, kwa matofali aliyoyachoma mwenyewe. Moja lina alama ya kiganja chake. Alikibandika udongo ukiwa bado mbichi. Mama mkwe akija haketi mpaka auweke mkono wake palepale. Anauweka, anautoa, ndipo anaomba maji ya kunywa, na anakaa.

Mke wangu amesema nifanye nitakavyo, ila tofali la baba nisiliguse. Nikamwambia ananijua mimi. Akasema ndiyo maana anasema.

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda kwa shemeji kuazima drili. Sikumwambia ya nini. Yeye akijua, Jumapili itakuwa kazi yake, siyo yangu. Nikamwambia bawaba za kabati la jikoni zimelegea. Akaniamini! Akanipa drili pamoja na ncha za kutobolea mbao, akanisisitiza nisizitumie kwenye kitu kingine. Nikaitikia kwa heshima zote.

Jumatano, 5 Machi

Ncha ya mbao haitoboi tofali. Inatoa moshi. Jirani amegonga mlango kuuliza kama tunaungua.

Nikajiongeza. Kama tofali ni gumu, kuna saruji katikati ya tofali na tofali. Na kweli, ikaingia kama kwenye keki! Skrubu nikazizungusha kwa vidole tu, huku napiga mluzi. Hapo ningejiuliza, lakini mluzi ulikuwa umenoga. Nikavuta kidogo fremu ya chuma ya kushikia TV, kujaribu. Ikaja yote, na mchanga wa kujaza ndoo.

Alhamisi, 6 Machi

Nimenunua ncha ya zege. Sasa tofali linatoboka, tena kwa kelele za kupendeza. Shida ni kwamba matofali ya juu yanamomonyoka pembeni. Nikitoboa likimomonyoka, nashusha fremu kidogo, ili TV ije ifunike aibu. Likimomonyoka tena, nashusha tena.

Mke wangu alirudi kutoka kazini akasimama mlangoni na mkoba begani. Akauliza kama ukuta umepata tetekuwanga. Nikacheka. Yeye hakucheka. Akachukua ufagio, akazoa vumbi jekundu, akaenda kulimwaga nje kwenye maua. Akanikumbusha habari ya tofali la baba. Nikamwambia liko mbali kabisa.

Halikuwa mbali.

Ijumaa, 7 Machi

Ofisini nimesema mama mkwe anaumwa. Mungu amjalie afya.

Fremu ina pembe nne. Tatu zimeshika. Ya nne imeangukia katikati ya kiganja. Katikati hasa! Nikaisogeza kushoto, tetekuwanga ikaonekana. Kulia, pimamaji ikakataa. Nikakaa chini nikafikiri. Mwisho nikapata hoja: TV itaifunika ile alama. Haitapata vumbi wala jua. Sitakuwa nimeiharibu, nitakuwa nimeihifadhi.

Nikatoboa.

Tofali halikupasuka wala kumomonyoka. Skrubu iliingia na kukaa kimya. Nikaning'inia kwenye fremu kwa uzito wangu wote. Haikutikisika. Katika ukuta mzima, lile ndilo tofali lililonikubali.

Basi hapo ndipo moyo ulipoanza kuniuma. Nimemkumbuka yule mzee. Siku tunahamia hapa alibeba kabati letu la nguo peke yake, mgongoni, kwa sababu nilisema kiuno kinanisumbua. Kiuno kilikuwa kizima. Alijua. Akanikonyeza tu, akapita. Katika ukoo wote ndiye pekee aliyekuwa anacheka vichekesho vyangu.

Nikatazama vumbi jekundu viganjani mwangu. Nikajuta, kweli nikajuta. Kisha nikatundika TV.

Mke wangu akaiona. Imenyooka! Akauliza tofali liko wapi. Nikasema lipo, nyuma. Akauliza kama ni zima. Nikasema lipo.

Jumapili, 9 Machi

Wamekuja. Shemeji aliinamisha kichwa kushoto, kisha kulia, akitafuta kasoro. Hakuipata. Akaniuliza kwa sauti ya kila mtu kusikia kama hili ndilo kabati la jikoni.

Mama mkwe hakuitazama TV hata kidogo. Alikwenda moja kwa moja ukutani, mkono umeshainuka, akakutana na kioo. Nikaanza kueleza habari za vumbi na jua, na umuhimu wa kuhifadhi. Sauti yangu niliisikia ikipungua yenyewe.

Akapitisha mkono nyuma ya TV mpaka kwenye kiwiko. Mtangazaji akaendelea kusoma habari karibu na sikio lake. Nikaona mkono unatafuta, unatafuta, halafu ukasimama. Nilijua umesimama wapi. Kichwa cha skrubu kina baridi.

Akautoa. Akapangusa vidole kwenye kanga, taratibu. Hakunifokea.

“Mwanangu,” akasema, “kumbe mpaka leo bado unambebesha mizigo yako.”

Akaomba maji. Akayanywa akiwa amesimama, akamwambia shemeji wanaondoka.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeishusha TV. Imerudi juu ya meza. Ukuta unatazama sebule kwa matundu yote, lakini mimi naliona moja tu.

Mke wangu aliweka kiganja chake juu ya kile cha baba yake. Kidole chake cha kati kikapapasa lile tundu, kikarudi. Akaenda kupika. Ningefurahi kama angenitukana.

Nimempigia mama mkwe simu kuomba radhi. Akasema ni udongo tu, nisijisumbue. Lakini sote wawili tunajua siyo udongo tu. Nilisifiwa na nani katika maisha yangu kama si yule mzee? Na nimemtoboa mkono ili nisifiwe kwa sababu ya TV.

Naapa: ukuta ule siugusi tena.

Jumatano, 12 Machi

Nimepata wazo!

Tundu linazibika. Saruji kidogo, gundi kidogo, unapaka, unalainisha kwa kidole. Mama mkwe akija tena, atakuta kiganja kizima, na mimi nitasimama kando bila kujisifu. Nitasubiri anione mwenyewe.

Kikwazo ni rangi. Saruji ni ya kijivu. Inahitaji kuchanganywa na vumbi jekundu, na siyo vumbi lolote, bali la matofali yaleyale ya mzee. Vumbi nililokuwa nalo mke wangu alilimwaga kwenye maua, na mvua imenyesha.

Lakini vumbi la aina ile limejaa ukutani! Kuna tofali moja chini kabisa, nyuma ya kochi, hakuna anayelitazama. Tundu moja tu, dogo. Likimomonyoka, nahamia la jirani yake.

Nimerudi kwa shemeji kuazima drili. Akauliza ya nini safari hii. Nikamwambia kabati la jikoni. Akanitazama sana, kisha akanipa, na ncha za mbao pekee.

Bahati nzuri ile ya zege niliificha.