Mwarobaini Wangu na Sindano Yao

Jumatatu, 3 Machi

Wewe mjukuu, usinitumbulie macho! Umesoma hadi ukavaa koti jeupe la maabara, leo unanifundisha majani niliyokuogeshea ulipougua surua? Eti wanachuja mwarobaini, wanatafuta ni kemikali ipi hasa inayoshusha sukari. Hawajaijua. Wanawajaribishia panya. Panya! Panya atangulie kutibiwa, na mimi bibi yako nipo! Nesi naye kasema Ijumaa ananipima; sukari isiposhuka, naanza sindano. Nitobolewe kila siku kama chujio? Thubutu!

Jumanne, 4 Machi

Nimechemsha sufuria nzima. Vidonge vya sukari alivyonipa nesi nimevifungia kabatini. Dawa mbili hazikai tumbo moja. Uchungu wake lakini! Ulimi ulitaka kuhama. Nikatia asali. Nikaonja. Nikaongeza. Asali haina kosa, nyuki hajawahi kuugua kisukari.

Jumatano, 5 Machi

Wifi yangu kaja kuchungulia. Huyu anajifanya mganga kwa yale magome yake. Kaonja, kalamba midomo, kaomba kikombe cha pili. Nikamwambia akanywe magome. Akatoka akiniuliza ni dawa gani inayofuatwa na sisimizi. Kijicho tu! Nikamjazia mjukuu chupa aipeleke maabara, panya wapumzike.

Ijumaa, 7 Machi

Nesi kapima. Imepanda! Nikamwambia mashine yake mbovu. Kaleta nyingine. Nayo mbovu! Kumbe mjukuu kashaipima chupa yangu. Kasema, tena mbele ya wifi, bibi, hii ni shurubati yenye harufu ya mti. Kasema hata ningeinywa chungu, bado hakuna anayejua mtu anywe kiasi gani, na vidonge haviachwi. Wifi kacheka hadi khanga ikamdondoka. Nikachomwa. Machozi yalinitoka, ya hasira, si ya maumivu. Aandike hivyo nesi!

Jumapili, 9 Machi

Kizunguzungu kilichonisumbua wiki nzima kimepungua. Wanaisifu sindano. Wendawazimu! Huo ni mwarobaini wangu, umechelewa tu kufika. Nami nimekwisha kujua kilichoniharibia: asali. Ya dukani ile, haina uaminifu. Haya, mjukuu, acha kushika kichwa. Injika sufuria, kisha nenda sokoni ukaniletee tende. Zile laini.